Umri wa Mafuta ya Kisima cha Saba

Siku Mzee Andongwisye Mwaipopo alipotoweka, mjumbe alifanya kazi yake bila kosa lolote.

Ilikuwa Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mji wa Lugombo kama yanavyoanguka karibu kila siku katika milima ile ya Rungwe. Mzee alisimama chini ya upenu wa nyumba ya mwanawe, akavua kofia, akasogeza mdomo karibu na kisanduku cha mbao kilichopachikwa ukutani kando ya mlango. Taa ndogo ya manjano ikawaka. Akaanza kuongea.

Ndani, mkamwana wake, Tupokigwe, alikuwa anamalizia chai akiwa amesimama. Aliiona taa ya upande wa ndani ikiwaka. Sauti ya mzee hakuisikia, kwa kuwa mjumbe alitengenezwa ili isisikike. Kisanduku kilitoa mvumo mwepesi, na mvumo huo ulimeza maneno yote ya nje.

Katika koo za zamani za Kinyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mwanamke akimwona baba wa mumewe anakuja, huchepuka njiani akajificha hadi apite. Hawaketi pamoja, hawaongei, hata sauti zao hazikutani. Miji ilipokua, familia nyingi ziliacha. Chache zilishika, na ya Mwaipopo ilikuwa mojawapo. Zamani neno la baba mkwe lilibebwa na mtoto au jirani. Lakini mtoto husahau, na jirani huongeza chumvi. Ndipo mafundi wa Lugombo wakabuni mjumbe, kisanduku chenye akili mnemba kinachopokea neno upande mmoja wa ukuta na kulisema upande wa pili kwa sauti yake chenyewe, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Watu walikipenda hata wakakiita kama wanavyomwita mtu.

Mjumbe alikuwa na namna tatu za kufikisha ujumbe. Ya kwanza iliitwa neno kwa neno. Ya pili iliitwa adabu, ambayo ilipunguza ukali. Ya tatu iliitwa ufupi.

Asubuhi ile taa iliwaka muda mrefu. Tupokigwe alitazama saa ya ukutani. Akafunga mkoba. Akafunga kamba za viatu. Akaitazama saa tena. Mwishowe mvumo ukakoma.

"Baba anakusalimu," mjumbe alisema. "Anasema maji ya Kisima cha Saba yamebadilika harufu. Anaomba uangalie."

"Mwambie nimesikia. Nitaangalia."

Akasikia buti za mpira zikishuka ngazi za mawe. Alisubiri zififie, kama adabu ilivyotaka, kisha akafungua mlango. Chini ya upenu palikuwa na alama mbili za matope, pale mzee aliposimama. Akazikanyaga, akaenda kazini.

*

Tupokigwe alikuwa mkuu wa maabara katika Kiwanda cha Mafuta Machanga, kando ya ziwa la Lwesya, ambalo lipo ndani ya shimo la volkano iliyolala. Mji wote wa Lugombo ulijengwa juu ya ukingo wa shimo hilo.

Mafuta ya kawaida ya ardhini huchukua mamilioni ya miaka. Viumbe vidogo vya majini hufa, huzikwa na tope, tope hulemewa na tope jingine, na joto la chini huvipika polepole mno. Penye volkano mambo huenda haraka. Maji ya moto yanayopanda kutoka kwenye miamba ya chini hupita katika tope lililojaa mabaki ya mwani na majani, yakafanya kwa miaka michache kazi ambayo kwingine huchukua enzi nzima. Mafuta ya namna hiyo huitwa machanga. Kabla ya kiwanda kujengwa, yalikuwa yakionekana pembezoni mwa ziwa, utando wa rangi nyingi juu ya maji yanayochemka, na wafugaji waliyapaka kwenye majeraha ya ng'ombe.

Kiwanda kiliharakisha tu. Mwani ulipandwa katikati ya ziwa, ukavunwa na roboti watambaazi, ukashushwa katika visima saba vilivyochimbwa hadi kwenye maji ya moto. Baada ya siku arobaini, mafuta yalipanda. Ndiyo yaliyowasha taa za Lugombo na kurusha magari ya angani yaliyofika Mbeya kwa dakika nane.

Kazi ya maabara ilikuwa kujua mafuta yametokana na nini. Kwa hilo walikuwa na msomaumri, mtambo wa ukubwa wa kabati. Kila kilicho hai hupokea kaboni kutoka hewani, na ndani ya kaboni hiyo mna sehemu ndogo inayofifia kwa mwendo unaojulikana. Kiumbe kikifa, kupokea hukoma, kufifia huendelea. Msomaumri alihesabu kilichobaki, akasema kiumbe kilikufa lini. Mafuta ya mwani wa juzi yalipaswa kusoma mwaka mmoja au chini yake.

Asubuhi ile Kisima cha Kwanza kilisoma mwaka mmoja. Cha Pili, mwaka mmoja. Hivyo hivyo hadi cha Sita. Kisima cha Saba kilisoma miaka elfu moja mia sita na ishirini.

Injinia Luhende, msimamizi wa uzalishaji, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa Msukuma mnene, mwepesi wa mzaha.

"Dada Tupo! Mwani wako wa Saba umekuwa bibi kizee. Karibu utatutaka tuushike mkono kuvuka barabara."

"Hii ni mara ya tatu, Injinia. Ijumaa ulisoma elfu moja mia moja. Jana elfu moja mia tatu."

"Gesi hiyo. Volkano inapumua kaboni ya kale, mwani unaivuta, msomaumri anadanganyika. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Gesi ingegusa visima vyote."

"Basi sindano chafu." Luhende akanywa kahawa. "Jumamosi tuna wageni, kiwanda kinatimiza miaka kumi. Unataka nisimamishe kisima kizima kwa ajili ya sindano?"

Tupokigwe hakutaka. Kusimamisha kisima kulihitaji barua saba na kikao. Akaandika kwenye ukurasa wa siku ile maneno aliyoyaandika Ijumaa na Jumatatu: hitilafu ya kipimo. Harufu aliyoambiwa mlangoni hakuikumbuka hata mara moja.

*

Saa tano ukingo wa ziwa karibu na Kisima cha Saba ulizama.

Pale palikuwa na chemchemi ndogo ambapo, tangu zamani za bibi zao, kina mama walichemsha mayai na ndizi mbichi katika vikapu vya matete na kuwauzia wapita njia. Siku ile walikuwa tisa. Tumwimbilege, aliyekuwa mbele, ndiye aliyesimulia, na alisimulia hivyo hivyo kila alipoulizwa.

"Tulikuta matawi njiani. Matatu yamelazwa, mabichi, la nne limechomekwa wima. Kwetu mtu akilaza matawi hivyo, hupiti. Tukasimama. Nikamwona mzee kule mbele anachomeka mengine upande wa pili. Nikamwita, 'Baba, leo tusichemshe?' Akageuka, akapunga mkono, kwamba rudini. Halafu ukingo ukashuka. Haukulia, haukupasuka. Ulishuka kama andazi kwenye chai."

Roboti watambaazi walishuka katika maji yale ya moto hadi jioni. Walirudi na kofia, na mwanzi mrefu wenye kipimajoto kilichofungwa nchani kwa kamba.

Mwanzi ule kila mtu kiwandani aliujua. Kwa miaka thelathini na nane Mzee Andongwisye alikuwa mpimajoto wa chemchemi za Lwesya, kwanza kwa serikali, kisha kwa kiwanda. Miaka sita iliyopita kazi yake ilipewa Mwangalizi, akili mnemba inayosoma vipimo vya ziwa lote kila sekunde. Mzee aliagwa kwa soda na cheti. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye ukingo na mwanzi wake, na kesho kutwa pia. Walinzi walimwacha apite kwa mazoea.

Mwangalizi ndiye aliyetunga ripoti ya ajali. Aliitunga kwa sekunde nne. *Marehemu aliingia eneo la uzalishaji bila ruhusa na bila sababu ya kikazi. Mitambo yote ilikuwa katika hali ya kawaida.* Afisa wa zamu alitakiwa aisome na kuweka sahihi, na siku ile afisa wa zamu alikuwa Tupokigwe.

Aliisoma mara mbili. Kwenye neno "kawaida" alifikiria msomaumri. Kwenye neno "sababu" akasikia mvumo wa kisanduku, kwa mbali. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kioo, na ripoti ikaenda.

Mumewe, Gwakisa, alikuwa mwalimu wa sekondari. Tupokigwe alimkuta sebuleni bado amevaa koti lenye vumbi la chaki.

"Asubuhi baba alipita hapa. Alisemaje?"

"Alisalimu. Alisema maji yamebadilika harufu."

"Hayo tu?"

"Ndiyo niliyoambiwa na mjumbe."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa la kweli. Tupokigwe aliliona hilo wakati ule ule, na akaona pia kwamba alilichagua kwa uangalifu.

*

Msiba uliwekwa kwa mzee, bila kaburi. Kiwanda kilituma turubai, mchele na barua. Barua ilirudia maneno ya ripoti, kisha ikasema kwamba kwa heshima ya marehemu Kisima cha Saba kingesimama siku arobaini, kisha kingeendelea na kazi.

Siku ya tatu alikuja mtani wa ukoo, Bi Ngonyani, akiwa amevaa koti la marehemu na buti zake za akiba, mwanzi wa kuchumia parachichi begani. Watani hupewa ruhusa ya kucheka msibani, na yeye alikuwa fundi wa kazi hiyo. Aliingia katikati ya waliokaa akinyata kama mwizi.

"Hodi! Mimi Mwaipopo. Nina ruhusa? Sina! Nina sababu ya kikazi? Sina! Jamani, hata ahera nimeingia bila kibali, malaika wananidai kitambulisho!"

Watu walicheka hadi wakajifuta macho. Bi Ngonyani akamsogelea mmoja wa wanaogawa chai. "Mama, naomba kikombe. Au hili nalo ni eneo la uzalishaji?"

Wakacheka tena. Tupokigwe alikuwa jikoni na wake wengine wa ukoo. Nao walicheka. Alijaribu kutabasamu kama wao, midomo ikakataa. Maneno yale yalikuwa yake. Kidole chake ndicho kilichoyatuma, na sasa yalikuwa yanarudi nyumbani kwa mzee yamevaa buti zake.

Mzee mmoja hakucheka. Alikuwa Asegelile, rafiki wa marehemu tangu walipokuwa wachunga ndama.

"Utani ni utani, sikatai," alisema vicheko vilipotulia. "Lakini Andongwisye hakuwahi kukosea hatua kule. Leo mji mzima unasema kizee cha watu kilipotea njia, kikaingia kwenye mitambo kama mbuzi. Aliyeandika maneno hayo ni nani?"

"Ni mashine, baba," Gwakisa alijibu.

"Mashine ina mkono wa kutia sahihi?"

Gwakisa hakujua. Alisema tu kwamba ataulizia, na akatazama upande wa jikoni, kwa sababu mke wake alifanya kazi huko na angeweza kumsaidia kuulizia.

Wiki tatu zikapita hivyo. Watu walirudi makwao. Mchana mmoja Tupokigwe na mama mkwe wake walikuwa wanamenya ndizi, wao wawili tu.

"Tupo," mama alisema. "Wewe umesoma mambo ya kule. Kitu kikishuka mle chini kinakuwaje?"

"Mama, tutaongea siku nyingine."

"Nimelala na yule mtu miaka hamsini. Naweza kusikia."

Tupokigwe aliweka kisu chini. "Maji yale yanapika kila kilichokuwa hai. Mwani, jani, mti. Siku zikipita kinakuwa mafuta."

"Na yeye?"

"Na yeye, mama."

Mama akaendelea kumenya. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine.

"Na hizo siku arobaini zikiisha watafungua bomba."

"Ndiyo."

"Basi yasichotwe."

Alisema hivyo tu. Hakulia, wala hakumwomba mkamwana wake afanye lolote. Lakini Tupokigwe alijua barua ile imesimama juu ya nini. Kisima kingefunguliwa kwa sababu ripoti ilisema mitambo ilikuwa ya kawaida na aliyekufa hakuwa na sababu. Ripoti ikibaki, bomba lingefunguliwa. Na ripoti isingeweza kuondoka bila yeye kusema alichokijua.

*

Kesho yake alitoa kwenye jokofu sampuli tatu za Kisima cha Saba. Alibadilisha sindano, akaosha mirija, akazipima upya. Miaka elfu moja mia moja. Elfu moja mia tatu. Elfu moja mia sita na ishirini. Akachuja tone moja, akaliweka chini ya hadubini. Hakukuwa na mwani. Kulikuwa na vipande vyeusi vya mti, na chavua za mimea ya kinamasi ambayo haijaota Lwesya tangu kabla ya babu za babu zao.

Alikaa kwenye kiti. Bomba la Kisima cha Saba lilikuwa limepasuka chini, na maji ya moto yalikuwa yakivuja kando, yakiingia kwenye kinamasi cha kale kilichozikwa chini ya ukingo. Kinamasi kile ndicho kilichoubeba ukingo. Kila siku umri ulipanda kwa sababu kila siku maji yalifika kwenye tabaka la chini zaidi. Kwa siku tano kiwanda kilikuwa kinapika ardhi ambayo watu walikuwa wanaikanyaga, na msomaumri alikuwa amesema hivyo mara tatu, kwa tarakimu kubwa.

Asubuhi iliyofuata, siku ya ishirini na sita, saa nne, alipiga magoti uani mbele ya mama mkwe wake. Gwakisa alikuwepo, na Mzee Asegelile, ambaye hakuwa baba mkwe wake na angeweza kumwona. Tumwimbilege naye alikuwepo, ameleta mayai.

"Mjumbe wa kwetu nilimweka kwenye ufupi," alisema.

Hakuna aliyeelewa ila mumewe.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Kwa nini, Tupo?"

Alikuwa amejiandaa kusema mengi. Yote yalimwishia. "Baba alikuwa anaongea sana."

Gwakisa aliinuka. Alitembea hadi mwisho wa ua, akasimama amewapa wote kisogo, kisha akarudi akaketi palepale. Tupokigwe aliendelea kuongea akitazama chini. Alisema kuhusu tarakimu, na neno hitilafu aliloliandika mara tatu. Alisema ni kidole chake kilichotia sahihi. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba huko Dodoma, kiwanda kilikokuwa kikimtuma, alikuwa akikaa vikaoni na wanaume wa umri wa mzee, akibishana nao mchana kutwa, na kwamba pale mlangoni hakuwa analinda heshima ya mtu. Alikuwa anaokoa muda wake.

"Mjumbe huhifadhi maneno yote," alimalizia. "Alichosema baba kipo. Dakika kumi na moja. Sijakisikiliza. Sijui kama nina ruhusa."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga.

"Lete," alisema. "Utamsikia. Lakini kaa nyuma ya kitenge, ndivyo angependa."

Gwakisa alikwenda nyumbani, akakibandua kisanduku ukutani, akakileta. Wakafunga kitenge kwenye kamba ya kuanikia nguo, na Tupokigwe akaketi nyuma yake, chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ndoa yake aliisikia sauti ya baba mkwe wake. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, na yenye kicheko ndani.

"Ndaga, mjumbe, na pole kwa kusimama na baridi. Muulize mwanangu ameamkaje, na ule mguu uliokuwa unamuuma. Mwambie parachichi za mti wa nyuma zimeiva, achume, asiwaachie ndege, ndege wa siku hizi hawana shukrani." Akacheka kidogo. "Haya. Maji ya Saba. Mafuta yake siku zote yananuka samaki, maana mwani ndivyo unavyonuka. Tangu Alhamisi yananuka mti. Si mti wa jana. Ni kama lile gogo jeusi unalolikuta ukichimba choo ukafika chini sana. Babu aliniambia pale palikuwa na kinamasi kabla ziwa halijapafunika. Mimi sijasoma, lakini mwanangu huyu mwenyewe alinifundisha, mwaka ule maabara ilipofunguliwa, alinitumia neno kupitia kwako: mafuta ni kitu kilichokuwa hai kikapikwa. Nililishika lile neno. Sasa nauliza, kama kinachopikwa leo ni lile gogo, na gogo ndilo lililoshika ukingo, sisi tunasimama juu ya nini?"

Sauti ilisita, akakohoa.

"Jana nimechomeka mwanzi ukaingia mpaka kiwiko. Zamani uliingia kidole. Mwambie ana ile mashine ya umri, aiulize. Ikisema mafuta ni ya zamani, basi pua yangu haijazeeka. Ikisema ni machanga, Jumapili nitapita hapa, anicheke kupitia kwako, mimi nitacheka kwa nje."

Aliendelea. Alisimulia mwaka chemchemi ya juu ilipohama, na ng'ombe wa Mwakalobo aliyezama mguu mmoja. Yote yalikuwa na maana, na yote yalichukua muda.

"Kina mama wanashuka kuchemsha saa tano," alisema mwishoni. "Walinzi nimewaambia, wameniambia Mwangalizi anaona kila kitu. Ofisi siwezi kuingoja. Naenda kuweka matawi. Mwambie asihangaike kunijibu sasa, najua anawahi kazini. Wewe mwambie yote. Nimesema polepole usije ukasahau."

Kisha sauti ya mjumbe, ile isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke: "Amesikia. Ataangalia."

"Eh!" mzee akasema, na furaha ilisikika. "Amesikia. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ndaga fijo."

Buti zikashuka ngazi.

Tumwimbilege alikuwa analia kwa sauti. Mzee Asegelile alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya kitenge, Tupokigwe alikuwa amefunika uso wake kwa viganja viwili, ingawa hapakuwa na mtu anayemwona.

*

Barua aliiandika kwa mkono. Aliambatanisha tarakimu, picha za chavua na dakika kumi na moja za sauti. Sentensi ya kwanza ilisema: *Marehemu alikuwa na sababu, na alinieleza.*

Luhende aliisoma akiwa amesimama.

"Dada, ukiituma hii, huna maabara."

"Najua."

"Na jina langu limo. Gesi, sindano chafu, yote umeyaweka."

"Uliyasema."

Luhende alizunguka meza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akavuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono. "Lete kalamu," alisema, na akatia sahihi chini ya ile ya Tupokigwe.

Siku ya thelathini na nane Kisima cha Saba kilijazwa saruji kuanzia chini hadi juu, na bomba lake likakatwa. Kilichomo hakitachotwa. Ripoti ya kwanza ilifutwa, ingawa mjini bado wapo wanaousimulia utani wa Bi Ngonyani, ijapokuwa yeye mwenyewe ameacha kuusema. Visima sita vinaendelea kufanya kazi. Gwakisa na mkewe wanaishi nyumba moja. Wanaongea, si sana. Ukutani kando ya mlango pamebaki matundu manne ya skrubu.

Tupokigwe si mkuu wa maabara tena. Kila asubuhi anashuka kwenye ukingo na mwanzi, anapima visima sita, ananusa maji, na anaandika kwenye daftari.

Kiwanda kimeweka uzio wa chuma kwenye njia ya Kisima cha Saba. Hata hivyo kila Jumanne kina mama tisa hulaza mbele ya uzio matawi matatu mabichi na kuchomeka la nne. Yaliyokauka wiki iliyopita huyapeleka kwa mama, akapikie.